Mfalme Olaf wa Norwei, Aliyeuawa Stiklestad

Twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mfalme mmoja wa zamani sana, jina lake Olaf mwana wa Harald. Nchi yake ni Norwei, iliyo kaskazini ya Ulaya, nchi ya milima mirefu na hori za bahari ziingiazo mbali bara, na watu wake tangu kale ni mabaharia. Tarehe 29 Julai mwaka wa 2030 ndipo itimiapo miaka elfu tangu auawe. Makanisa mengi yamepewa jina lake, naye huitwa mtakatifu; lakini asidhani mtu kuwa maisha yake yalikuwa ya kitawa. Alikuwa mtu wa vita tangu utoto, alimwaga damu nyingi, na katika matendo yake yako tusiyoweza kuyasifu. Habari zake twazipata hasa kwa Snorri Sturluson, mtaalamu wa kisiwa cha Iceland, aliyeandika miaka 200 hivi baadaye, naye alitegemea mashairi ya malenga waliomjua mfalme kwa macho.

Olaf alizaliwa mnamo mwaka wa 995. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake, Åsta, akaolewa na mfalme mdogo aitwaye Sigurd, mtu mpole, apendaye kulima kuliko kupigana. Siku moja Sigurd alimtuma mtoto akamtandikie farasi. Olaf akaenda zizini, akachagua beberu mkubwa kuliko wote, akamtandika tandiko la mfalme, akamleta mlangoni, akaenda zake. Sigurd alifahamu: mfalme ashindaye shambani, kwa maoni ya mtoto, alistahili beberu.

Alipopata miaka 12 mama yake akampa merikebu na watu, akaanza kazi ya Viking, yaani kwenda pwani za wengine kuteka nyara na kutoza fedha. Hatuna neno zuri la kuifunikia kazi hiyo. Ilikuwa unyang'anyi wa silaha. Alipigana katika bahari ya Baltiki, kisha Uingereza, na mwisho akaingia katika utumishi wa Ethelred, mfalme wa Waingereza, juu ya watu wa Denmark. Hapo ndipo isimuliwapo habari ya daraja la London. Daraja lilikuwa la miti, na juu yake askari walivurumisha mawe. Olaf akaamuru nyumba kuukuu zibomolewe, akatwaa fito zake na kuzifanya mapaa juu ya merikebu. Chini ya mapaa hayo wapiga makasia wakafika hata penye nguzo, wakazifunga kamba, kisha wakavuta makasia kwa nguvu zao zote kufuata mkondo wa mto. Nguzo zikang'oka, daraja likaanguka pamoja na waliokuwa juu yake. Baada ya hayo alikaa Rouen, katika Normandy, na mwandishi wa nchi ile asema kuwa huko ndiko alikobatizwa.

Mwaka wa 1015 alirudi kwao kutafuta ufalme. Merikebu zake ndefu za vita aliziacha, akapanda mbili za mizigo. Wakati ule nchi ilikuwa mikononi mwa wakuu waliowekwa na wafalme wa Denmark na Uswidi, na mmoja wao alikuwa kijana Håkon. Olaf akaziweka merikebu zake huku na huku katika mlango mwembamba wa bahari, na kati yake akalaza kamba nene chini ya maji. Håkon alidhani ni wafanya biashara, akapita katikati; kamba ikavutwa, merikebu yake ikapinduka. Alipoletwa mbele ya Olaf, Olaf aliutazama ujana wake, akamwachilia aende, kwa kiapo kuwa hatapigana naye tena. Jumapili ya Matawi, tarehe 25 Machi mwaka wa 1016, alimshinda Svein, baba mdogo wa Håkon, katika vita ya merikebu penye Nesjar, na tangu hapo akawa mfalme.

Pwani Injili ilikuwa imekwisha kuhubiriwa na wafalme waliomtangulia. Bara ilikuwa bado. Olaf alileta mapadre kutoka Uingereza, na mkubwa wao alikuwa askofu Grimkell. Mwaka wa 1024, katika kisiwa cha Moster, mfalme na askofu waliweka sheria za Kikristo mbele ya mkutano wa watu: sadaka za miungu zikakatazwa, Jumapili ikatukuzwa, siku za kufunga zikawekwa, na desturi ya kuwatupa watoto wachanga porini ikapigwa marufuku. Kama asingefanya jambo jingine maishani mwake, kwa hilo la watoto peke yake angestahili kukumbukwa. Lakini alizoea kulihubiri neno huku ameshika silaha. Aliyekataa aliweza kupotewa na mali yake, au kiungo cha mwili, au uhai.

Wafalme 5 wadogo wa bara walifanya shauri la kumwua. Akawazunguka alfajiri, akawakamata wote. Mmoja alikatwa ulimi. Na Rørek, aliyekuwa mwenye akili kuliko wote, alipofushwa macho yote mawili. Kisha Olaf hakuthubutu kumwacha aende, akamweka nyumbani mwake mwenyewe. Siku ya Kupaa Bwana walikaa pamoja kanisani. Yule kipofu akanyosha mkono, akapapasa bega la mfalme kana kwamba asifu nguo yake, kumbe alipima kama amevaa deraya. Hakuvaa. Mara kisu kikatoka. Mfalme alikuwa ameinama wakati ule ule, kisu kikapasua nguo tu. Hakumwua Rørek, alimpeleka Iceland, akafa huko. Kwetu habari hii ni nzito kuliko vita zake zote: mfalme katika ibada, na kando yake ameketi mtu aliyepofushwa kwa amri yake.

Lakini kilichomwangusha hakikuwa kisu hicho; kilikuwa nafaka. Ikawa njaa upande wa kaskazini, miaka mfululizo mavuno yakikosa. Kusini nafaka ilikuwako, ila mfalme alikataza isiuzwe kaskazini, maana aliogopa kupungukiwa yeye na watu wake katika safari zao. Huko kaskazini alikaa kijana wa watu wakubwa, Asbjørn, aliyezoea kuwakaribisha wageni kila sikukuu kama baba yake marehemu. Aliona haya karamu zikome. Akaenda kusini kwa mjomba wake Erling, mkuu mwenye nguvu kuliko wote wa nchi. Erling alikuwa amefungwa na amri ya mfalme, asiweze kuuza; lakini watumwa wake walikuwa na mashamba yao, na sheria, kwa kuwa haikuwahesabu watumwa, haikuwakataza kitu. Basi Asbjørn akanunua nafaka kwa watumwa, akaenda zake kwa furaha.

Njiani, penye Avaldsnes, alikutana na Tore Sel, msimamizi wa shamba la mfalme, mtu wa asili duni aliyepandishwa kwa juhudi yake. Tore akaishusha nafaka yote. Tena akalivua tanga zuri la merikebu, akampa la zamani lililochakaa. Asbjørn akarudi mikono mitupu, na jamaa zake wakamcheka. Mwaka wa pili, siku za Pasaka, alirudi Avaldsnes kwa siri. Mfalme alikuwa mezani. Tore Sel amesimama mbele yake, anasimulia jinsi Asbjørn alivyolia alipovuliwa tanga. Aliyasikia hayo mwenyewe mlangoni, akaingia mbio, akampiga upanga wa shingo. Kichwa kikaangukia meza mbele ya mfalme. Olaf aliamuru auawe, lakini ilikuwa sikukuu, ikangojwa. Na kabla haijapita Erling alifika na jeshi, mfalme akalazimika kumwachilia mwuaji. Baadaye mtu wa mfalme alimwona Asbjørn akipita kwa merikebu, akamtupia mkuki, akafa. Mama yake aliutunza mkuki ule. Shemeji yake alikuwa Tore Hund, baba mdogo wa marehemu. Akamwita, akamkabidhi mkuki mkononi, akamtaka autie katika kifua cha Olaf.

Je, mfalme alifanya haki? Aliwahukumu wakubwa na wadogo kwa kipimo kimoja, na hilo wakuu hawakumsamehe. Twakubali kuwa ni sifa. Lakini amri ya kuzuia chakula wakati wa njaa si sawa na amri ya kuzuia wizi, na sisi twadhani ya kuwa katika jambo hili alikuwa mgumu pasipo sababu ya kutosha.

Kuhusu vita zake na Knut, mfalme wa Denmark na Uingereza, tutasema machache. Mwaka wa 1026 Olaf na mfalme wa Uswidi walipigana naye penye mto Helgeå, wasimvunje. Knut akatumia silaha nyingine, ndiyo fedha, akawagawia wakuu wa Norwei, na mwaka wa 1028 alipokuja na merikebu 50 kutoka Uingereza nchi ikamwangukia pasipo vita. Akamweka Håkon yule yule kuwa mtawala, na kiapo cha kamba kikasahauliwa. Erling naye alikwenda kwa Knut. Olaf alimnasa baharini, akamkuta amebaki peke yake hai merikebuni. Mzee alikubali kujitoa. Mfalme akamkwaruza shavu kwa shoka kumtia alama ya haini, na mara mtu mmoja wa mfalme akampasua kichwa. Olaf alimwambia mtu huyo ya kuwa kwa pigo hilo amempokonya Norwei mkononi. Ndivyo ilivyokuwa. Akakimbilia Urusi, kwa mfalme Yaroslav.

Huko alipata habari kuwa Håkon amepotea baharini na Norwei haina mtawala. Akamwacha mwanawe Magnus, mtoto mdogo, kwa Yaroslav, akarudi kwa njia ya Uswidi akikusanya watu. Katika hao walikuwamo wanyang'anyi na wasiobatizwa. Mfalme aliwaambia wachague ubatizo au warudi kwao, ingawa alihitaji kila mkono, wengi walirudi. Mmoja, Arnljot, aliyesema hajaamini kitu ila nguvu zake mwenyewe, alibatizwa, akasimama mstari wa mbele. Tena mfalme alimpa mkulima mmoja fedha ziwe sadaka za kuwaombea maiti, akataka hasa waombewe wale watakaoanguka wakipigana naye. Twakumbuka Rørek, twaona ya kuwa mtu huyu alikuwa amebadilika.

Walikutana Stiklestad tarehe 29 Julai mwaka wa 1030. Hesabu ya Snorri ni watu zaidi ya 3,000 upande wa mfalme, na zaidi ya 14,000 upande wa pili. Wataalamu wa leo huiona kubwa mno. Wala isidhaniwe kuwa ilikuwa vita ya Wakristo na wapagani tu. Wengi wa wakulima wale walikuwa wamebatizwa, na askofu mmoja alikuwa kati yao akiwatia moyo. Mfalme alipigwa shoka la mguu juu ya goti. Akaegemea jiwe, akautupa upanga wake, akamwomba Mungu. Ndipo Tore Hund akampiga mkuki chini ya deraya, mkuki ule ule, na Kalv mwana wa Arne akampiga shingoni. Husimuliwa kuwa jua lilitiwa giza saa hiyo. Hesabu za wanafalaki zaonyesha ya kuwa jua lilipatwa tarehe 31 Agosti, mwezi mmoja baadaye, na watu wakayaunganisha mambo mawili.

Mkulima mmoja wa Stiklestad, Torgils, pamoja na mwanawe, waliuficha mwili, wakauchukua kwa mashua hata Nidaros, ambao leo ni mji wa Trondheim, wakauzika mchangani kando ya mto. Knut alimweka mwanawe Svein na mama yake Alfiva kutawala, nao wakatoza kodi nzito, na mavuno yakawa mabaya. Watu wakaanza kumkumbuka waliyemwua. Tarehe 3 Agosti mwaka wa 1031 Grimkell aliufungua mwili, akautangaza kuwa mtakatifu. Alfiva alisema kuwa maiti hukawia kuoza mchangani, lakini hakuna aliyemsikiliza. Kanisa kubwa lilijengwa juu ya kaburi, na watu wa kaskazini wakaliendea kwa miguu karne nyingi.

Wale wale waliomwua ndio waliokwenda Urusi kumleta Magnus; Kalv alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1035 mtoto huyo akawa mfalme, umri wake miaka 11 hivi. Yapasa tuseme jinsi alivyopata jina. Usiku aliozaliwa alikuwa dhaifu karibu ya kufa, mfalme amelala, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Malenga Sigvat akachukua madaraka juu yake, mtoto akabatizwa, akamwita Magnus kwa kumkumbuka Karolo Mkuu. Asubuhi Olaf alikasirika, kisha akaridhika.

Magnus alipokwisha kuzoea utawala, siku moja alimtaka Kalv waende pamoja Stiklestad. Akamwuliza baba yake alianguka wapi. Kalv akaonyesha kwa ncha ya mkuki. Akamwuliza yeye Kalv alisimama wapi. Akasema ni papo hapo alipo sasa. Kijana akabadilika uso, akasema kuwa basi shoka lake liliweza kumfikia. Kalv alikana, akapanda farasi, na usiku ule akasafiri baharini. Hapo Magnus akaanza kulipiza: akatwaa mashamba, akafukuza watu, na wakulima wakaanza tena kukusanyika kwa siri. Rafiki za mfalme walipiga kura nani amwonye, kura ikamwangukia Sigvat. Alitunga shairi, akamwambia wazi kuwa avunja sheria aliyoiapa na kuwanyang'anya raia zake. Magnus alisikiliza. Akaacha kisasi, akafanya shauri na wenye hekima, akaamuru sheria iandikwe katika kitabu, na watu wa Norwei wakamwita Magnus Mwema.