Maisha ya Bwana Krapf

Katika matanga huku kwetu Mzumbe twasikia watu wakiuliza: mwanadamu huja duniani kwa sababu gani, ikiwa hufa upesi hivi? Ndipo tumkumbukapo Johann Ludwig Krapf, ingawa hakufika kamwe milima yetu ya Uluguru.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mwana wa mkulima, akafika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosine akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Krapf naye alikuwa hoi kitandani. Wengi wangalirudi kwao. Yeye aliamini kwamba uhai una mwenyewe, Mungu aliyeutoa, akawaandikia waliomtuma kuwa kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza.

Akaendelea kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 akaanza mahali pa kazi Rabai pamoja na Rebmann. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Kwa hesabu ya sokoni, hasara tupu! Afya ikamshinda, akarudi Ulaya.

Tarehe 26 Novemba 1881, huko Kornthal, alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake ya Kiswahili ikatoka London mwaka 1882.