B. R. Ambedkar na Mipaka ya Sheria katika Jamii ya Kasta

Bhimrao Ramji Ambedkar (1891-1956) hukumbukwa zaidi kama mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India. Sifa hiyo anaistahili, lakini humfanya aonekane kuwa mtu aliyeitegemea sheria kupita kiasi, ilhali maisha yake yalimfundisha kinyume.

Alizaliwa Mhow, katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa kuwa najisi wasioguswa. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Waingereza, na kwa sababu hiyo mtoto alipata kusoma. Darasani alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani. Bomba la maji alifunguliwa na tarishi. Siku ambayo tarishi hakuwapo, alishinda na kiu.

Mwaka 1913 mtawala wa Baroda alimfadhili kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huko, mwaka 1916, aliwasilisha katika semina ya anthropolojia makala kuhusu chimbuko la kasta. Aliikataa dhana kwamba kasta zilitokana na tofauti za nasaba. Kwake, kasta ilikuwa tabaka lililojifungia, na kufuli lake lilikuwa ndoa. Ili watu waoane wao kwa wao tu, idadi ya wanaume na wanawake ilibidi ilingane. Basi mjane, aliyeharibu ulinganifu huo, aliteketezwa pamoja na maiti ya mumewe au alikatazwa kuolewa tena. Hivyo mila zilizosifiwa kuwa utakatifu zilifafanuliwa kama nyenzo za kulinda mpaka. Ni hoja nzito kwa kijana wa miaka 25, na haijachakaa.

Aliporejea Baroda mwaka 1917 alikuwa na wadhifa na mshahara, lakini hakupata chumba cha kupanga. Alijifanya Mparsi katika nyumba ya wageni ya Waparsi, akagunduliwa na kufukuzwa. Fedha yake ilikuwa halali sokoni, mwenyewe hakuwa. Baadaye, katika maandishi yake ya mwaka 1936, alidai kuwa kasta humfunga mtu kwenye kazi ya wazazi wake hata kazi hiyo inapokosa wateja, na hivyo huzalisha ukosefu wa ajira.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mahad. Halmashauri ya mji huo ilikuwa imekwisha kuruhusu watu wote kutumia bwawa la Chavdar, lakini hakuna asiyeguswa aliyethubutu kulikaribia. Tarehe 20 Machi, 1927 Ambedkar aliwaongoza maelfu kwenda kunywa maji yake. Walishambuliwa, na bwawa likatakaswa kwa ibada. Kesi iliyofuata ilichukua takribani miaka kumi kabla ya Mahakama Kuu ya Bombay kuwapa haki mwaka 1937.

Asasi za kiraia nazo zilikuwa na kuta zake. Chama cha Wahindu wapenda mageuzi cha Lahore kilimwalika kuhutubia mwaka 1936, kikasoma hotuba yake, kikafuta mkutano. Aliichapisha mwenyewe.

Akiwa waziri wa sheria tangu 1947, aliona katiba ikipiga marufuku unajisi wa kuzaliwa nao. Hata hivyo, muswada wake wa kurekebisha sheria za ndoa na mirathi za Wahindu, uliogusa kufuli lile lile la mwaka 1916, ulikwama bungeni, naye akajiuzulu mwaka 1951. Tarehe 14 Oktoba, 1956, mjini Nagpur, aliingia dini ya Buddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Alifariki Delhi tarehe 6 Desemba mwaka huo huo.