Jussieu, mtu aliyezipatia mboga jamaa zake

Antoine-Laurent de Jussieu alizaliwa Lyon, Ufaransa, tarehe 12 Aprili 1748. Mwaka wa 1765 alikwenda Paris kusomea udaktari, akafundishwa mimea na baba yake mdogo, Bernard.

Wakati huo wengi walifuata mpango wa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliyegawanya mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi ndani ya ua. Ulikuwa rahisi, lakini uliweka pamoja mimea isiyo na undugu. Jussieu alichunguza alama nyingi kwa pamoja, hasa mbegu na ua. Mwaka wa 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, alitoa kitabu chenye jamaa 100 za mimea. Boga la manjano, tango na tikiti maji ni jamaa moja. Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni nyingine.

Mwaka wa 1793 akawa profesa kwenye Makumbusho ya Paris. Alifariki tarehe 17 Septemba 1836.

Kazi yake ingali inalinda mavuno: mboga za jamaa moja hushirikiana magonjwa, ndiyo sababu mkulima mwangalifu hapandi biringanya pale alipotoa nyanya.