Raiffeisen: Meya aliyemfungulia mkulima maskini mlango wa mkopo

MKULIMA wa Matiliku, katika eneo la Nzaui, Kaunti ya Makueni, anapotafuta pesa za mbegu kabla ya mvua ya vuli, swali la kwanza analokumbana nalo benkini ni kuhusu dhamana. Asiye na hatimiliki ya shamba wala stakabadhi ya mshahara hurudi nyumbani mikono mitupu. Anapogeukia chama cha akiba na mikopo, swali hubadilika, akaulizwa ni wanachama gani watakaomdhamini.

Badiliko hilo dogo lina historia ndefu, na jina lililo kubwa zaidi katika historia hiyo ni la Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya wa vijijini nchini Ujerumani.

Raiffeisen alizaliwa Machi 30, 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg. Mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na jeshi la Prussia, lakini ugonjwa wa macho ukamlazimu kuliacha mwaka 1843. Aliingia katika utumishi wa serikali, na mwaka 1845 akateuliwa kuwa meya wa Weyerbusch, tarafa ya vijiji maskini katika milima ya Westerwald.

Hakuwa amekaa sana kabla ya njaa kubisha hodi. Katika majira ya baridi ya 1846 na 1847, mazao yalikuwa yameharibika na bei ya nafaka ikapanda kupita uwezo wa watu. Serikali ilituma chakula cha msaada, lakini ikaagiza kiuzwe kwa pesa taslimu pekee. Raiffeisen aliona kwamba agizo hilo lilimnyima chakula yule yule aliyekihitaji. Akawapa watu kwa mkopo, kisha akawashawishi wenye mali kuchanga fedha za kununulia nafaka na kujenga tanuri la mikate. Wenye njaa walikula kwanza, wakalipa baada ya mavuno.

Ukambani, ambako njaa hupewa majina ili zisisahaulike, ile ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete ilikumbusha jinsi mtu anavyoweza kufa njaa na pesa ziko mkononi. Huko Weyerbusch hali ilikuwa kinyume: chakula kilikuwapo, pesa ndizo zilizokosekana.

Alipohamishiwa Flammersfeld, Raiffeisen alikuta janga jingine. Wakulima waliotaka ng'ombe waliangukia mikononi mwa wakopeshaji wa riba kali, na aliyeshindwa kulipa alipoteza mifugo, hata shamba. Mwaka 1849 aliunda chama ambacho matajiri wa eneo hilo walikiwekea dhamana, kikanunua ng'ombe na kuwapa wakulima walipe kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mwaka 1854 alianzisha chama kama hicho huko Heddesdorf.

Hapo ndipo alipopata funzo lililobadilisha kazi yake yote. Vyama hivyo viliendeshwa kwa huruma ya matajiri, na huruma huchoka. Waliotoa hawakuwa na haja ya mikopo; waliokopa hawakuwa na sauti wala hisa katika chama. Wafadhili walipoanza kujiondoa, Raiffeisen alikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba msaada pekee haungedumu. Mwaka 1864 akakigeuza chama cha Heddesdorf kuwa chama cha mikopo, na kila aliyetaka kukopa sharti awe mwanachama.

Kanuni zake zilikuwa chache. Chama kisivuke mipaka ya eneo ambalo watu hujuana. Viongozi wasilipwe mshahara, isipokuwa mhasibu. Faida iwekwe akiba kwa manufaa ya wote. Muda wa kulipa ufuate mavuno. Iliyokuwa nzito kuliko zote ni kwamba wanachama wote waliwajibika kwa deni la chama kwa mali yao yote. Kwa hiyo jirani alimchunguza jirani kabla ya kumwidhinishia mkopo, na mkopaji aliyefikiria kukwepa alijua ni nani watakaoumia.

Maisha yake mwenyewe hayakuwa na raha. Mkewe, Emilie, alifariki mwaka 1863. Miaka miwili baadaye afya mbovu ilimwondoa katika umeya, akafanya biashara ya mvinyo ili kuongezea pensheni ndogo. Macho yalipozidi kufifia, binti yake Amalie akawa mwandishi wake. Hata hivyo alichapisha kitabu kuhusu vyama vya mikopo mwaka 1866, na mwaka 1872 akaanzisha huko Neuwied benki ya kuviunganisha vyama vya vijijini. Alifariki Machi 11, 1888.

Wazo lake lilivuka bahari. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ililiingiza katika sheria ya ushirika ya India ya mwaka 1904, ambayo ikawa kielelezo kwa makoloni mengine. Nchini Kenya, ushirika ulianza na walowezi wa Lumbwa mwaka 1908. Waafrika walifunguliwa njia na sheria ya mwaka 1945. Benki ya Ushirika ilianza kazi mwaka 1968.

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, mwanakijiji hahitaji tena kusafiri hadi mjini ili kutuma au kupokea pesa, na mikopo ya simu hutolewa kwa dakika chache. Lakini simu haimjui jirani, wala haingoji mavuno. Katika chama, mdhamini bado huweka akiba yake rehani kwa ajili ya mwenzake, na mkopaji akitoweka, ni yeye anayekatwa. Raiffeisen hakuuondoa mzigo huo. Aliugawa miongoni mwa watu wanaojuana, akiamini kwamba wasioweza kuubeba mmoja mmoja wangeweza kuubeba pamoja.