Lumumba na Kalamu za Wageni

Patrice Lumumba, aliyezaliwa Onalua mwaka 1925, alikuwa karani wa posta kabla hajawa Waziri Mkuu wa Kongo, Juni 1960. Askari walipoasi Julai, magazeti mengi ya Ulaya na Marekani yalimwita mkomunisti, na ghasia zile yakaziita ushenzi wa makabila. Shaba ya Katanga, pamoja na maofisa wa Kibelgiji waliomshikilia Tshombe alipoitenga jimbo hilo, yalitajwa kwa sauti ndogo. Twasema wazi: mkulima wa pamba wa Shishiyu, kama angesomewa habari hizo peke yake, angedhani moto ule ulijiwasha.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri dhamana ya mawaziri wao mwaka 2001. Jamaa zake walirudishiwa jino moja, mwaka 2022.