Abraham Lincoln: Mbunge aliyeahidi reli, kisha akalazimika kueleza kodi

Wengi wetu tunamjua Abraham Lincoln kama rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na mtu aliyepambana kukomesha utumwa. Kabla ya hapo alikuwa mbunge wa kawaida wa jimbo la Illinois kwa miaka minane. Huko Marekani kila jimbo lina bunge lake, linalopanga bajeti yake na kutoza kodi zake. Miaka hiyo haisimuliwi sana, ingawa tunaona ndiyo inayomgusa zaidi msikilizaji anayesubiri barabara ifike kijijini kwake.

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809 huko Kentucky, katika nyumba ya magogo, na shule aliisoma kwa kuokotezaokoteza. Mwaka 1832, akiwa na umri wa miaka 23 na anaishi kijiji cha New Salem kando ya mto Sangamon, aliomba kura. Katika tangazo lake aliwaeleza wananchi kwamba reli ndiyo usafiri bora, lakini gharama iliyokadiriwa, dola 290,000, ilikuwa inatisha. Akapendekeza mto usafishwe ili boti zipite. Alishindwa, japo kijijini kwake alipata kura 277 kati ya 300. Mwaka 1834 alijaribu tena akashinda, na wakamchagua mara nne mfululizo.

Ajabu ni kwamba tahadhari ile haikudumu. Mwaka 1837 bunge lilipitisha mpango mkubwa wa reli, barabara na mito, wa zaidi ya dola milioni 10, wakati jimbo zima lilikuwa na watu wasiofika nusu milioni. Lincoln aliupigia kura. Fedha zilikuwa za kukopa, kwa matumaini kwamba reli zitajilipa zenyewe. Kila eneo lilitaka lake lianze kwanza, hivyo ujenzi ukaanzishwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Wilaya zilizokosa reli na mfereji zilipozwa kwa kugawiwa dola 200,000. Kila mbunge alirudi kwao na kitu mkononi.

Mwaka huohuo uchumi wa Marekani ukaanguka. Benki zilitetereka, bei za mazao zikashuka na riba ya mkopo ikaendelea kudai.

Lincoln hakuikana kura yake. Mwaka 1839 alipendekeza jimbo linunue ardhi ya serikali kuu iliyobaki, kama ekari milioni 20, kwa senti 25 kwa ekari, kisha liiuze kwa dola 1 na senti 25. Pendekezo hilo halikuzaa matunda. Ikabaki kodi. Kwa utaratibu wa zamani, shamba la dola 50 au 100 kwa ekari halikutozwa zaidi ya lile la dola 5. Sheria mpya ilitoza kwa thamani halisi. Katika barua ya Machi 1839 Lincoln aliitetea kwamba mzigo unaongezeka kwa matajiri wachache, si kwa maskini wengi. Hakusahau kutaja kwamba hao matajiri hawana kura za kutosha kumwangusha mtu. Hesabu ya mwanasiasa hiyo!

Desemba 1840, wapinzani wakiibana Benki ya Jimbo aliyoitetea, yeye na wenzake wachache waliruka dirishani ili wabunge wasitimie idadi ya kupiga kura. Haikusaidia, walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Alichekwa sana. Januari 1842 Illinois ilishindwa kulipa riba ya madeni yake, na mwaka huohuo Lincoln hakugombea tena.

Katika reli zote za mpango ule, moja tu ilifika mahali pa maana, kutoka Meredosia hadi Springfield. Mwaka 1847 iliuzwa kwa mnada kwa dola 21,100. Katiba ya jimbo ya mwaka 1848 ililizuia bunge kukopa zaidi ya dola 50,000 bila idhini ya wapiga kura.

Akiwa rais, Lincoln alitia saini kodi ya kwanza ya mapato ya nchi nzima mwaka 1861, na mwaka 1862 sheria ya reli ya kwenda hadi bahari ya Pasifiki. Alipigwa risasi Aprili 14, 1865 na kufariki kesho yake. Deni la Illinois lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1880.