Theodore Roosevelt: Mwindaji mashuhuri aliyelenga kwa jicho moja

MELI iitwayo Admiral ilipotia nanga Mombasa mnamo Aprili 21, 1909, miongoni mwa abiria wake alikuwamo mtu ambaye majuma saba tu yaliyotangulia alikuwa Rais wa Marekani.

Theodore Roosevelt, wakati huo akiwa na umri wa miaka 50, alikuwa amekuja kuwinda. Aliandamana na mwanawe, Kermit, na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa na taasisi ya Smithsonian ya jijini Washington kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho.

Jambo ambalo halikuwa limetangazwa kwa umma ni kwamba mwindaji huyo mkuu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea. La kushoto lilikuwa limepofuka.

Roosevelt alizaliwa New York mnamo Oktoba 27, 1858, katika familia tajiri. Alikuwa mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na pumu, na aliyependa mno ndege na wanyama. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, babake alimpa bunduki yake ya kwanza.

Bunduki hiyo ndiyo iliyofichua siri ambayo hata yeye mwenyewe hakuijua. Wenzake walikuwa wakiwalenga ndege ambao yeye hakuwaona kabisa. Siku moja walisoma kwa sauti maandishi ya tangazo lililokuwa mbali, naye akagundua kwamba hakuweza kuzitambua hata herufi zenyewe. Alimweleza babake, akapatiwa miwani. Baadaye maishani alisimulia kwamba hadi siku hiyo hakuwa amefahamu jinsi dunia ilivyo nzuri.

Tangu hapo, ulengaji shabaha kwake haukuwa kipawa cha kuzaliwa, bali kazi ya kujifunza na kurudia.

Ili kuelewa ugumu uliomkabili, ni vyema kufahamu jinsi jicho na mkono vinavyoshirikiana katika kulenga. Mtu anapotazama kwa macho mawili, kwa kawaida ubongo huliamini jicho moja kuliko jingine. Hilo huweza kuitwa jicho tawala.

Kulitambua si vigumu. Mtu hunyoosha mikono mbele, akaunganisha viganja na kuacha tundu dogo katikati, kisha akatazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Halafu hufumba jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndani ya tundu ndilo tawala.

Watu wengi wanaotumia mkono wa kulia hutawaliwa na jicho la kulia. Hata hivyo, wako wengine ambao mkono wao wa nguvu uko upande mmoja na jicho tawala liko upande wa pili. Mtu wa aina hiyo huweka kitako cha bunduki kwenye bega la kulia, huku ubongo ukifuata jicho la kushoto ambalo haliko nyuma ya mtutu. Akiwa amefumbua macho yote mawili, risasi zake huelekea kushoto mwa shabaha, naye asijue kosa liko wapi.

Wakufunzi huwa na tiba kadhaa. Mwanafunzi anaweza kufundishwa upya kutumia bega la upande wa jicho tawala, jambo linalomrahisikia zaidi anayeanza kuliko aliyekwisha kuzoea. Anaweza pia kufumba jicho linalomvuruga, au kubandika kipande cha utepe kwenye kioo cha miwani mbele ya jicho hilo. Kwa bastola mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa mkono huweza kusogezwa kidogo hadi silaha ikae mbele ya jicho linalofaa.

Roosevelt alikuwa mtu wa mkono wa kulia, na alilengea bega la kulia. Alipokuwa Rais alipenda kupigana ngumi kwa mazoezi katika Ikulu ya Marekani. Katika pambano moja, ofisa kijana wa jeshi alimpiga konde kwenye jicho la kushoto. Mishipa ya damu ikapasuka ndani, na uwezo wa jicho hilo kuona ukafifia hadi ukatoweka.

Alipokuja kulisimulia jambo hilo hadharani miaka kadhaa baadaye, hakumtaja aliyempiga, asije akajutia tendo ambalo halikukusudiwa.

Kwa kipimo cha mwindaji, katika msiba huo mlikuwamo bahati. Konde lile lingetua upande wa pili, Roosevelt angelazimika kuanza upya kama mtoto: bega jipya, mkono mpya wa kufyatulia risasi na mazoea ya zaidi ya miaka 30 kutupwa. Badala yake, jicho lililosalia lilikuwa lile lile lililokaa nyuma ya mtutu.

Lakini hata jicho hilo halikuwa zima. Lilitegemea kioo cha miwani, ambacho mvua, jasho na vumbi viliweza kukifunika wakati wowote. Isitoshe, upande wake wa kushoto ulikuwa kama uliofungiwa pazia, na macho mawili ndiyo humsaidia mtu kukadiria umbali wa kitu kilicho karibu.

Ndivyo alivyoingia nyika za Kenya. Alianzia Kapiti na Machakos, kisha akaelekea Sotik kati ya Juni na Julai 1909. Sotik ya siku hizo lilikuwa jina la nchi pana, iliyokuwa na makundi makubwa ya wanyama. Kwa msomaji aliyeko Ogwedhi, katika Kaunti ya Migori karibu na Trans Mara, nchi hiyo iko upande wa kaskazini mashariki.

Roosevelt hakujidai. Katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1910 kuhusu safari hiyo, alikiri kwamba hakuwa mlengaji hodari. Dawa yake ilikuwa kusogea karibu iwezekanavyo, kutulia, na kuendelea kufyatua hadi mnyama aanguke.

Aidha, alitegemea macho ya wengine. Wabeba bunduki wake, miongoni mwao Bakari, walimtambua mnyama kichakani kabla yeye hajaona chochote. Wawindaji wazoefu R.J. Cuninghame na Leslie Tarlton waliiongoza safari hiyo, iliyokuwa na wapagazi zaidi ya 200. Ndovu wake wa kwanza alipoanguka katika msitu wa Mlima Kenya, ndovu wa pili alitokea ghafla karibu naye huku bunduki yake ikiwa imeishiwa risasi. Cuninghame ndiye aliyefyatua na kumfukuza.

Huko Uasin Gishu, alishuhudia vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Yeye mwenye bunduki bora za wakati huo alibaki mtazamaji, akastaajabia ujasiri wao.

Gharama ya jicho lile, hata hivyo, haikulipwa na mwenyewe pekee. Alipojaribu kulenga kutoka mbali, mara nyingi alikosa, na wapo wanyama waliokimbia wakiwa na majeraha. Kufikia mwisho wa safari, hesabu aliyoichapisha mwenyewe ilionyesha kwamba yeye na Kermit walikuwa wameua wanyama 512. Yeye aliua 296, wakiwemo simba tisa na ndovu wanane.

Mnamo Desemba 1909 alisafiri kwa reli hadi Kisumu, akavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Entebbe. Kutoka Uganda aliendelea hadi Lado, ukingoni mwa Mto Nile, ambako yeye na mwanawe waliua vifaru weupe tisa wa kaskazini. Dume la mwisho la jamii hiyo ya vifaru, Sudan, lilikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, mnamo Machi 2018.

Ni vigumu kumhukumu mtu huyu kwa neno moja. Akiwa Rais, kati ya 1901 na 1909, aliweka chini ya ulinzi wa serikali ardhi ya ekari milioni 230 hivi, ikiwemo misitu na makazi ya ndege. Wanyama aliowaua huku walitumiwa na wanasayansi. Lakini idadi yenyewe iliwashtua hata baadhi ya watu wa zama zake, na Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka wa 1977, enzi aliyosaidia kuitangaza duniani ilifikia kikomo.

Udhaifu wa macho yake ulikuja kumfaa kwa njia ambayo hakuitarajia. Mnamo Oktoba 14, 1912, akiwania urais tena, alipigwa risasi kifuani mjini Milwaukee. Risasi ilipenya kwanza katika karatasi nene za hotuba alizokuwa amezikunja mfukoni, kisha katika kibweta cha chuma cha miwani yake. Vitu hivyo viwili viliipunguza kasi. Roosevelt alipanda jukwaani akiwa anavuja damu, akahutubia kwa zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kupelekwa hospitalini.

Madaktari waliona heri risasi hiyo iachwe ilipo. Ilikuwa ingali mwilini mwake alipofariki akiwa usingizini nyumbani kwake Oyster Bay, New York, mnamo Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60.